Mti unapandishaje maji bila pampu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maji yanafikaje kileleni wakati mti hauna pampu wala moyo?

Yanavutwa kutoka juu. Jua likipiga jani, maji yanatoka kama mvuke kupitia stomata, vile vitundu vidogo ambavyo mara nyingi viko upande wa chini wa jani, na maji yakitoka yanayavuta yaliyo nyuma yake kwa sababu maji yanashikana yenyewe kwa yenyewe, basi mvuto huo unashuka kwenye tawi, kwenye shina, kwenye mizizi mpaka unafika kwenye udongo. Njia yenyewe inaitwa zailemu, yaani ile mirija iliyomo kwenye mbao. Anayelipia kazi yote ni jua, mti hautoi nguvu yoyote hapo.

Watu walibishana sana kuhusu hili. Mtaalamu wa mimea Eduard Strasburger kule Bonn, Ujerumani, alikata miti mirefu akaisimamisha kwenye sumu, mwaka 1891 akaripoti kwamba sumu imepanda imeua seli zote hai za kwenye shina na bado kimiminika kinaendelea kupanda, kwa hiyo si seli hai zinazosukuma. Mwaka 1894 Henry Dixon na John Joly pale Dublin wakatoa maelezo ya mvuto wa kutoka juu na ndiyo tunayoyatumia mpaka leo.

Ugumu wa jambo uko hapa: presha ya hewa ya kawaida inaweza kupandisha maji mita 10 tu, muulize fundi yeyote wa visima, pampu ya kunyonya iliyokaa juu ya ardhi inachoka mita 7 au 8. Sasa kwenye bonde moja la Kilimanjaro kuna mkukusu (Entandrophragma excelsum) uliopimwa ukakutwa na mita 81.5, ukatangazwa 2016 kuwa ndio mti wa asili mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika. Kule California kuna miti inayopita mita 115. Ili maji yafike huko lazima yavutwe mpaka presha yake iwe chini ya sifuri, yaani maji yametanuliwa kabisa, yako kwenye mvutano. Maji yanaweza kuvumilia hilo ila hayalipendi.

Si mizizi ndiyo inayosukuma?

Kidogo tu, tena kwa baadhi ya mimea na hasa usiku udongo ukiwa umelowa. Mzabibu ukiupogoa wakati mizizi imeshaamka utaona maji yanadondoka pale ulipokata, hiyo ni presha ya mizizi kweli. Ila mchana jua likiwaka haina nafasi kabisa.

Kama maji yanavutwa kiasi hicho, kwa nini yasikatike?

Yanakatika. Na hapo ndo penye kiini cha habari nzima ya miti na tabianchi.

Udongo ukikauka mti unalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, mvutano ukizidi kiasi fulani hewa kutoka mrija wa jirani ambao tayari hauna maji inapenya kwenye vitundu vya ukutani na kuingia kwenye mrija wenye maji, kiputo kinatanuka ghafla na mrija mzima unakufa kikazi. Ni kama kunywa dafu kwa mrija uliotoboka, unavuta weee unapata hewa tu. Mwaka 1966 watafiti wawili walitegesha kifaa cha kusikilizia kwenye majani ya mnyonyo (wengine mnauita mbarika, huu huu unaoota jalalani) yanayonyauka, wakanasa sauti za mtik mtik, kila mlio ni tukio la maji kukatika ndani. Kwa hiyo mti wenye kiu unapiga kelele, ila sauti nyingi ziko juu ya kiwango cha masikio yetu.

Mrija mmoja ukijaa hewa si tatizo, iko kibao. Ikijaa mingi njia zinapungua, zilizobaki zinavutwa zaidi, nazo zinakatika, na ikifika nusu ya uwezo wa tawi kupotea (hiki ndicho kipimo wanachopenda kutumia) hali ni mbaya, kwa miti mingi ikipita hapo sana matawi yanaanza kukauka kuanzia juu. Ukinunua maua ya kukata halafu ukayakata tena ncha ndani ya maji unapambana na kitu hiki hiki, unaondoa kipande kilichoingia hewa.

Kwa nini basi mti usiwe na mirija mipana tu, maji yapite kwa wingi?

Kwa upande wa wingi uko sahihi kabisa. Mrija ukiongezeka upana mara mbili, maji yanayopita yanaongezeka mara 16, hiyo ni fizikia ya kawaida ya mabomba, kwa hiyo mti wenye mirija mipana michache unalisha majani mengi na unakua haraka. Ndo maana mimea inayotambaa na kupanda kwenye miti mingine msituni ina mirija mipana kupita kiasi, mingine inafika karibu nusu milimita, unaiona kwa macho tu ukikata: shina lenyewe jembamba halijibebi, kwa hiyo nafasi yote wameipa maji.

Shida ni usalama. Mrija mpana na mrefu una eneo kubwa la ukuta wenye vitundu vya kupitishia maji kwenda kwa jirani, na kwenye utando wa vitundu hivyo panapovuja kidogo tu hewa inapita. Pia ukifa mmoja umepoteza mengi kwa mkupuo. Si sheria ya chuma, ipo miti yenye bahati mbaya zote mbili, haipitishi sana na haivumilii sana, lakini huwezi kupata mti ambao unaongoza kwa yote.

Kihistoria mbao zilianza kuonekana miaka kama milioni 400 iliyopita, na la kushangaza zilianza kwenye vimea vyenye vishina vya milimita chache, siyo kwenye miti. Waliochambua visukuku hivyo wanaona kwamba mbao ilianza kwa ajili ya maji, kazi ya kusimamisha mti mrefu ikaja baadaye. Mirija ya mwanzo ilikuwa seli moja moja nyembamba zinazoitwa trakeidi, na mipaina, podo na mtarakwa wanazitumia mpaka leo. Huko kwenye mipaina kila kitundu kina kitu kama kizibo katikati ya wavu, hewa ikitaka kupenya upande mmoja kizibo kinavutwa kinaziba, ufundi mzuri mno. Miti inayotoa maua ikaja na kitu kipya, seli zinapangwa kichwa kwa mkia na kuta za katikati zinayeyuka, unapata bomba refu la sentimita kadhaa mpaka mita kadhaa. Hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa majani makubwa yanayotumia maji mengi.

Halafu msidhani mageuzi ni ngazi ya kupanda tu. Kuna jamii moja ya miti ya maua, Winteraceae, ambayo wengi wanaona mababu zake walikuwa na mabomba wakayaacha wakarudi kwenye trakeidi. Kilichowafaa kwenye mazingira yao ndicho kilichobaki.

Kwa hiyo miti ya sehemu kavu ina mirija myembamba kwa sababu ya ukame?

Hapa vitabu vingi vya shule vinarahisisha. Ni kweli ukilinganisha kichaka cha Dodoma na mti wa msitu wa Amani kule Usambara utakuta cha Dodoma kina mirija myembamba. Lakini Michael Olson wa chuo kikuu cha taifa cha Mexico na wenzake wamekusanya mimea kutoka karibu kila aina ya hali ya hewa na kuonyesha kwamba kinachoamua upana wa mirija kwanza ni urefu wa mmea. Mirija inaanza myembamba kileleni na inapanuka kadiri unavyoshuka kwenye shina, ili mti ukirefuka majani ya juu yasipungukiwe, kwa hiyo mti mrefu lazima uwe na mirija mipana chini. Sehemu kavu mimea ni mifupi, basi mirija nayo myembamba. Tabianchi inaamua urefu, urefu unaamua mirija. Mimi naona maelezo haya ni mazuri kuliko yale ya zamani kwa sababu yanatuambia pia kwa nini ukame mkali huwa unapiga miti mirefu zaidi na kuiacha mifupi, na kwa nini mti mrefu uliokauka ncha unachipua chini: unajirudisha kwenye urefu unaouweza.

Kinachofuata ukame moja kwa moja zaidi ni ule utando wa kwenye vitundu, unene wake, na jinsi mti unavyofunga stomata. Kule Australia kuna mti wa jamii moja na mtarakwa, Callitris tuberculata, unavumilia mvutano wa karibu mara 188 ya presha ya hewa kabla ya kupoteza nusu ya uwezo wake. Miti mingi ya misitu ya mvua inafika hapo kwenye mara 10 mpaka 30 hivi.

Mbuyu si ni tanki? Wakati wa kiangazi unakunywa akiba yake?

Nusu kweli. Shina la mbuyu limejaa maji kweli, mbao yake ni laini, tembo wanaitafuna ili wapate maji. Ila utafiti uliofanywa kwenye mibuyu ya Madagaska ulionyesha kwamba akiba ile haitumiki kuendesha majani mchana wakati wa kiangazi kama wengi wanavyodhani. Mbuyu unachofanya ni kupukutisha majani na kukaa kimya miezi kibao, kisha unatumia akiba kuchipuza majani mapya mvua ikiwa bado, ili siku ya kwanza ya mvua uwe tayari. Na hauwezi kuchota sana, kwa sababu maji yale ndiyo yanayolikaza shina, ukiyamaliza linalegea na mti unaweza kuanguka kwa uzito wake.

Miyombo ya Tabora na Katavi nayo inachipuza Septemba na Oktoba, majani mekundu yanang'aa wakati ardhi imekauka kabisa na vumbi tupu. Mizizi yao iko chini sana.

Mikoko inakaa ndani ya maji, si haina shida yoyote?

Ina shida kuliko miti mingi ya bara. Maji ya bahari yana chumvi kama asilimia 3.5 na chumvi inayashikilia maji, kwa hiyo mkoko kabla haujapata hata tone moja lazima uvute kwa nguvu ya karibu mara 25 ya presha ya hewa, na mkondo ukikauka jua likavukiza maji ya tope nguvu hiyo inapanda zaidi. Mtafiti Per Scholander na wenzake mwaka 1965 walichapisha vipimo vya kwanza vya kuaminika vya mvutano huu kwenye miti ya aina mbalimbali (matawi ya juu ya miti mirefu waliyaangusha kwa bunduki, sifanyi utani), na mikoko ilikuwa kati ya iliyotoa namba kubwa, mara 35 mpaka 60. Mizizi ya mikoko inachuja sehemu kubwa ya chumvi inabaki nje.

Ghuba ya Gazi, kusini ya Mombasa, imechunguzwa vizuri sana kwa jambo hili. Mkoko wenyewe, Rhizophora mucronata, ukiota penye chumvi nyingi unatengeneza mirija mingi zaidi kwa kila eneo la mbao, ili ikijaa hewa michache mingine ibaki. Hata ndani ya mti mmoja: msimu wa mvua unatengeneza mirija iliyoachana, kiangazi iliyosongamana, na kwa mistari hiyo watafiti waliweza kuhesabu umri wake, jambo ambalo kwa miti ya kitropiki ni gumu.

Mchu (Avicennia marina) ni mkali zaidi. Ndio unaoukuta nyuma kabisa kwenye sehemu tambarare zenye chumvi ambako mkoko umeshindwa. Chuma jani lake mchana, geuza, utaona chembe nyeupe zinametameta, lamba kama hujaamini, ni chumvi tupu, inatolewa na tezi za kwenye jani. Mirija yake ni myembamba na mingi mno, na kwenye mbao yake kuna vipande vya floemu (njia za kushushia sukari) vimesambaa katikati ya njia za maji badala ya kukaa chini ya gome tu. Ukikata gogo la mchu utaona miviringo mizuri, usiihesabu ukadhani ni miaka, siyo.

Baridi inahusika? Huku kwetu hamna theluji.

Inahusika ukipanda juu. Maji yakiganda hewa iliyoyeyuka ndani yake inatengana na kuwa viputo, yakiyeyuka viputo vikiwa vidogo vinarudi kwenye maji, vikiwa vikubwa vinatanuka na mrija umekufa. Mirija inayopita kama milimita 0.04 iko hatarini, iliyo chini ya hapo inapona. Ndo maana mialoni ya Ulaya yenye mirija mipana inapoteza karibu yote kila baridi kali na kutengeneza mipya kabla ya majani, wakati mipaina inaendelea tu. Kwetu angalia Kilimanjaro, aliyepita njia ya Machame anaikumbuka ile Dendrosenecio (mmea mkubwa wa milimani) pale Barranco, shina nene limevalishwa majani makavu kama blanketi ili lisigande usiku. Bila hilo asubuhi jua linawaka majani yanataka maji na njia imeziba.

Mti ulio na shimo katikati mbona unaishi?

Kwa sababu katikati hakupiti maji tena. Tazama gogo la mpingo lililokatwa: pembeni kuna ukanda mwembamba wa rangi ya maziwa, hapo ndipo maji yanapita, ule weusi wote ambao wachongaji wanautaka ni mirija iliyokwishastaafu ikazibwa na kemikali. Weusi huo ukioza au ukiliwa, mti unaendelea, unachopoteza ni uimara.

Na nikichuna gome kuzunguka shina lote?

Umeua mti, ila polepole. Maji yanaendelea kupanda kwa sababu hayapiti kwenye gome, utaona majani mabichi kwa wiki au hata miezi ukajua umeshindwa. Ulichokata ni chakula cha mizizi. Mbuyu ni tofauti, unarudisha gome.

Mnazi je?

Mnazi si mti kwa maana hii, haunenepi na hauongezi mirija mipya kwenye shina, ile iliyotengenezwa ukiwa mdogo ndiyo itakayotumika miaka yote 60 au 80. Hakuna spea.

Mkaratusi unakausha chemchemi, kweli au maneno ya mtaani?

Kweli, na kuna ushahidi mzuri. Kule Mokobulaan, Afrika Kusini, walipanda Eucalyptus grandis kwenye bonde dogo lililokuwa na kijito cha mwaka mzima, mwaka wa 9 kijito kikakauka kabisa. Wakaikata miti ikiwa na miaka 16 na kijito kikachukua miaka 5 mingine kurudi, kwa sababu mizizi ilikuwa imeshamaliza maji ya chini kabisa na ardhi ilibidi ijae kwanza. Lakini watu hawasemi upande wa pili: bonde la jirani lilipandwa mipaina, nalo likakauka, ilichelewa tu mpaka mwaka wa 12. Kwa hiyo si uchawi wa mkaratusi, ni mti wowote wa kijani mwaka mzima wenye mizizi mirefu unaokua haraka pale ambapo palikuwa na nyasi.

Mkaratusi kwao Australia uko na majirani wanaopigania maji hivyo hivyo. Kenya uliletwa 1902 kwa ajili ya kuni za reli, na kwa kuni ulikuwa chaguo zuri. Aliyeupanda kwenye chanzo cha maji ndiye wa kulaumiwa.

Joto likiendelea kupanda miti yetu itakuwaje?

Hewa ikipanda nyuzi moja uwezo wake wa kubeba mvuke unaongezeka kama asilimia 7, kwa hiyo hata mvua ikibaki ile ile hewa inavuta maji kutoka kwenye majani kwa nguvu zaidi. Watu wanaangalia mvua tu, hili wanalisahau.

Mwaka 2012 timu ya kimataifa ilikusanya takwimu za aina 226 za miti kutoka sehemu 81 duniani na kukuta kwamba asilimia 70 zinaishi karibu sana na mpaka wa kuharibikiwa. Na jambo ambalo wengi hawakulitegemea, miti ya misitu yenye mvua iko karibu na mpaka wake sawa na ya jangwani. Kila mti umezoea kutumia karibu uwezo wake wote kwa hali ya hewa ya kwao, kwa sababu anayeacha nafasi kubwa ya usalama anazidiwa mbio na jirani. Mti wa Amani ukipata kiangazi cha Dodoma hata kwa msimu mmoja hauna pa kukimbilia.

Mibuyu mikongwe pia: 2018 iliripotiwa kwamba kati ya 13 mikongwe kuliko yote Afrika, 9 ilikuwa imekufa au sehemu zake za zamani kuanguka ndani ya miaka 12, mingi kusini mwa Afrika. Walioripoti wanashuku tabianchi lakini wenyewe walisema bado haijathibitishwa, tusiwawekee maneno mdomoni.

Mti ukishaingiwa na hewa unaweza kupona?

Zamani kidogo ilidhaniwa miti inajaza mirija yake upya kila siku hata ikiwa kwenye mvutano. Siku hizi imani hiyo imepungua, iligundulika kwamba baadhi ya vipimo vilikuwa na hitilafu, kukata tu tawi lililo kwenye mvutano kunaingiza hewa na mpimaji anadhani ameikuta. Mimea yenye presha ya mizizi, kama mianzi, inaweza kujaza usiku. Miti mingi njia ya uhakika ni kutengeneza mbao mpya, na hiyo inataka muda na sukari, ndiyo maana mti unaweza kufa mwaka mmoja au miwili baada ya ukame kuisha na watu wakatafuta mchawi.

Nataka kupanda miti sehemu kavu, nizingatie nini?

Aina kwanza. Mgunga, mkwaju, mpingo, mwarobaini, mjohoro zitahangaika lakini zitafika, mvule usijisumbue nao huko. Mbegu zichukuliwe sehemu yenye ukame unaofanana na kwako, aina moja ikitoka milimani haiko sawa na iliyotoka bondeni.

Kitaluni wiki za mwisho punguza kumwagilia pole pole, mche uliolelewa na maji kila asubuhi una majani makubwa na mizizi ya uvivu. Mzizi uliojizungusha ndani ya kiriba ukate ncha kabla hujapanda, hautajinyoosha wenyewe. Panda mvua ikishalowesha udongo kwenda chini, siyo ile ya kwanza ya kudanganya. Mche uliong'olewa bila udongo upunguze majani, maana mizizi laini inayovuta maji imebaki kitaluni na majani hayajui hilo. Weka matandazo, yasiguse shina. Na ukimwagilia mwagilia mengi kwa nafasi, kopo moja moja kila jioni linaleta mizizi juu juu, na wiki ukisafiri mche umekwenda.